Namba tasa kubwa: ugawanye au utumie Miller-Rabin?

Kwenye tuisheni za Hesabu hapa Pemba, kuanzia Wete hadi Mkoani, ubishi huu hauishi: ukipewa namba kubwa, utajuaje kama ni tasa? Wengine huigawanya kwa namba tasa ndogo moja baada ya nyingine; wengine hutumia Miller-Rabin, jaribio la kompyuta linaloikagua namba kwa kutumia vipeo vya namba nyingine zilizochaguliwa kibahati.

Kwa uhakika, kugawanya hakuna mpinzani. Chukua 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 toa 1, ambayo mwanahisabati Euler aliithibitisha kuwa tasa karne ya 18. Kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341. Ukijaribu namba tasa zote zilizo chini ya hapo usipate kigawo, kazi imekwisha. Na kigawo kikiwepo unakipata waziwazi: 2,021 ni 43 mara 47.

Kwa muda, mambo yanageuka. Namba ya tarakimu 100 isiyo na vigawo vidogo, kompyuta yoyote itashindwa kuimaliza kwa kugawanya. Miller-Rabin huimaliza kufumba na kufumbua. Ila ikiipitisha, imesema tu kwamba huenda ni tasa, na ikiikataa haikupi vigawo. Kama namba si tasa, namba moja ya kujaribia, iliyochaguliwa kibahati, hudanganyika kwa uwezekano usiozidi robo. Namba 10 zinaushusha chini ya moja kwa milioni. Jaribio la Fermat lililotangulia ni dhaifu zaidi: huangalia tu kama 2 kwa kipeo cha namba hiyo toa 1, ukigawa kwa namba yenyewe, inabaki 1, kama ilivyo kwa kila namba tasa isipokuwa 2. Tazama 341, ambayo ni 11 mara 31: 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024, gawa kwa 341 inabaki 1, basi kipeo cha 340 nacho kinabakisha 1, na 341 inapita kama tasa!

Mwanafunzi wa skuli mwenye kalamu na karatasi, gawanya. Unayeandika programu ya funguo za siri, chukua Miller-Rabin.