Young Scientists Tanzania: shindano linalotaka vipimo, si mbwembwe

Young Scientists Tanzania (YST), shindano la miradi ya utafiti, ilianza mwaka 2011, ikiiga maonyesho ya wanasayansi chipukizi ya Ireland yaliyoanza 1965. Ni ya wanafunzi wa sekondari. Tunachoipendea zaidi ni kwamba utafiti wa sayansi ya jamii nao una nafasi yake, hivyo shule isiyo na maabara haibaki mtazamaji.

Ugumu uko kwenye vifaa. Chukua mradi unaopendwa sana, pampu ya umwagiliaji inayojiwasha udongo ukikauka. Vijiti vya kihisi (sensa) cha unyevu cha bei nafuu vikipitishiwa umeme muda wote huliwa upesi, na vipimo vinaanza kudanganya. Vipewe umeme kwa sekunde moja tu kila baada ya dakika 10, au nunua kihisi cha kapasita, ambacho hakipitishi umeme kwenye udongo kupitia vijiti vilivyo wazi. Pampu nayo ikiwaka huvuta mkondo mkubwa, volti inashuka, na Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki inayoongoza mradi) inajizima na kuanza upya (mara nyingi mbele ya jaji, bila shaka). Ipe pampu betri zake, kisha weka dayodi ya 1N4007 (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, hapa cha kuzuia mshtuko wa umeme mota inapozimwa) sambamba na mota, upande wenye mstari ukielekea chanya.

Bango zuri halifichi jaribio lililofanywa mara moja. Panda vyungu angalau vitatu vya kumwagiliwa na kifaa na vitatu vya kumwagiliwa kwa mkono, pima maji kwa mililita, andika kila siku kwenye daftari, na daftari hilo liende mezani likiwa na madoa yake.

Kwa mwalimu asiye na muda wa kusimamia hayo kwa muhula mzima, hatulipendekezi shindano hili.