Nasoma barua za jasusi Mahmut: uzoefu wangu

Nilipoagiza juzuu zote nane za "Letters Writ by a Turkish Spy" (Barua za Jasusi wa Kituruki), hadithi ya kubuni iliyoandikwa kwa barua, nilikuwa natafuta siri za jumba la mfalme wa Ufaransa. Siri zimo, lakini kilichonishika ni upweke wa yule anayeziandika.

Mtunzi ni Giovanni Paolo Marana, Mtaliano wa Genoa aliyehamia Paris. Juzuu ya kwanza ilitoka huko mwaka 1684, naye akamtunukia Mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata kati ya 1687 na 1694, barua zaidi ya 600. Marana anadai aliokota karatasi za Kiarabu katika chumba alichokuwa amepanga mgeni mmoja. Mgeni huyo ni Mahmut, Mwarabu aliyetumwa na dola ya Sultani wa Uturuki. Anaishi Paris miaka 45, kuanzia 1637, akijiita Titus wa Moldavia na kuvaa kanzu nyeusi asitambulike.

Utamu wake ni kwamba Mahmut hajui kesho. Sisi tunajua Richelieu, waziri mkuu wa Ufaransa, atakufa 1642, na Mfalme Louis XIII mwaka unaofuata, taji limwangukie mtoto wa miaka minne. Yeye anapapasa tu: nani anapanda, nani anashuka, Mazarin aliyemrithi Richelieu ni mtu wa namna gani. Waingereza wanapomkata kichwa mfalme wao Charles I mwaka 1649, unasoma huku moyo unadunda ingawa mwisho unaujua.

Angalieni pia anamwandikia nani. Kwa wakubwa wa Istanbul anapima kila neno. Kwa rafiki yake Dgnet Oglou anamwaga yaliyo moyoni, likiwemo pendo lake kwa Daria, mwanamke wa Kigiriki. Hapo ndipo niliposimama nikarudia kusoma. Mtu anayeficha jina, dini na lugha yake miaka yote hiyo, kalamu ndiyo inayobaki kumjua.

Kama Mwislamu, kuna mahali palinikera. Uislamu wa Mahmut umetungwa na Mkristo, na mara nyingine anahoji mambo kama mwanafalsafa wa Paris aliyevishwa kilemba. Lakini ndiyo njia aliyoipata Marana ya kuwasema wafalme na mapadri kwa mdomo wa mgeni. Mwandishi Mfaransa Montesquieu alikuja kuifuata mwaka 1721, katika barua za kubuni za wasafiri wa Kiajemi. Juzuu za mwisho wanazuoni bado wanabishana ziliandikwa na nani. Mimi nilihisi mabadiliko: falsafa inazidi, habari za jumba la mfalme zinapungua.

Sasa nakala yenyewe. Niliyouziwa mtandaoni ilichapwa kutokana na kompyuta kusoma kurasa kuukuu, na ile s ndefu ya zamani, inayofanana na f, ikageuzwa f karibu kila mahali. Juzuu ya pili ilikosa kurasa kadhaa. Nilimwandikia muuzaji mara mbili, kimya. Msinunue kabla ya kuona picha za kurasa za ndani. Kurasa za matoleo ya kale zinapatikana bure kwenye maktaba za mtandaoni. Maandishi ni madogo, ila kila neno lipo, na macho huizoea s ile baada ya siku mbili tatu.

Niko juzuu ya saba. Nasoma barua moja kila usiku baada ya isha, na nikikuta ya Dgnet Oglou huwa naongeza ya pili.