Pampu ya mkono ya kutolea upepo kwenye breki, nimekaa nayo mwaka sasa

Mi sio fundi, ni mtu tu anayependa kushika spana mwenyewe, na hii pampu niliinunua kwa sababu moja, nilichoka kuomba mtu anikanyagie breki. Waliowahi kutoa upepo kwa njia ya miguu wanajua, uko chini pale kwenye tairi unapiga kelele kanyaga, shikilia, usiachie, mdogo wangu yuko kwenye siti na simu mkononi, kabla sijafunga niplo (kile kiskrubu chenye tundu cha kutolea upepo) keshaachia pedeli, upepo umerudi ndani, mnaanza upya mmenuniana.

Yenyewe imekaa kama bastola, ina geji juu, kachupa ka kukusanyia oili chafu, hosi za plastiki zinazoonyesha ndani na vimpira vya saizi tofauti vya kuvalisha kwenye niplo. Unavalisha, unapampu, yenyewe inavuta, mpaka geji isome inchi 15 mpaka 20 hivi (inchi za zebaki, kipimo cha mvuto), unalegeza niplo robo raundi, oili inakuja yenyewe. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ile ya zamani ilitoka nyeusi kama kahawa ya jana, baadae ikaanza kuwa ya njano njano, nikajua mpya imefika.

Sasa shida ikaanza. Siku hiyo nilikuwa nimebadilisha wili silinda ya nyuma (kasilinda ka kwenye tairi kanakosukuma viatu vya breki) iliyokuwa inavujisha, pedeli inazama kama nakanyaga sponji. Nikapampu, mapovu. Nikapampu tena, mapovu. Kopo la oili la juu nimelijaza mara tatu na kwenye hosi bado povu linapita kama soda imetikiswa, nikaanza kuwaza nimenunua wili silinda mbovu. Kumbe upepo ule hautoki ndani kabisa! Ukilegeza niplo, pampu inavuta hewa ya nje kupitia kwenye meno ya niplo yenyewe, inaingia kwenye hosi, wewe unaona mapovu unadhani ni ya breki. Nikaitoa niplo nikapaka grisi nzito kwenye meno (usipake kwenye ncha wala kwenye kitundu), nikarudisha, mapovu yakapungua sana lakini hayakuisha. Kwa hiyo ukinunua hii kitu usiamini mapovu, utamaliza oili bure.

Cha pili kinachofanya nisiipe nyota 5 kinataka uelewe kidogo breki zinavyofanya kazi. Ukikanyaga, pistoni ya masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedeli) inasukuma oili, na oili haibonyei, presha inafika ileile kila tairi. Tuseme masta ina kipenyo cha milimita 22 na pistoni ya kalipa (inayobana pedi kwenye diski) ni 54, ukipiga hesabu ya eneo unakuta nguvu imezidishwa kama mara 6, na hapo hatujahesabu pedeli inayofanya kazi ya wenzo wala sevo (inayousaidia mguu injini ikiwa inawaka). Ila hamna cha bure, ili pedi isogee milimita 1 masta inabidi itembee kama 6, na stroki nzima ya masta inasukuma oili ya vijiko vichache tu vya chai. Upepo wenyewe unabonyea, kwa hiyo kapovu kadogo tu kanakula ile safari yote, mguu unafika chini na kalipa haijapata habari.

Sasa hii pampu hata uivute mpaka mkono uchoke haiwezi kuzidi bar 1, maana kinachosukuma oili ni hewa ya nje pale juu ya kopo. Mguu wako ukifunga breki za ghafla presha inaweza kupita bar 70. Yaani pampu ni nzuri kwa kubadilisha oili, lakini haikwambii kama kuna mahali panavuja, na povu lililojificha kwenye kona ya juu ya kalipa inaweza ikalipita tu. Tena zile sili za wili silinda zimetengenezwa kuzuia oili isitoke nje, ukizivuta kwa ndani midomo yake inaweza ikalegea ikaingiza upepo mwingine.

Nilichofanya mwishoni, nikamwita mdogo wangu, tukafanya raundi mbili za mguu kwa kila tairi, taratibu, na nikamwekea kipande cha mbao chini ya pedeli isifike mwisho, maana kwenye gari ya zamani pistoni ikipelekwa sehemu ambayo haijawahi kufika, kule kuna kutu na uchafu, sili inachanika halafu unaanza kutafuta masta mpya. Pedeli ikaja juu ngumu kama jiwe. Nikawasha injini ikashuka kidogo ikasimama, hiyo ni sevo inafanya kazi, msishtuke.

Madogo madogo mengine. Kachupa kake ni kadogo, kanajaa haraka, na ukisahau kukamwaga oili inapanda mpaka kwenye pampu yenyewe. Vimpira viwili vimeshalegea. Oili ya breki inakula rangi ya gari kwa hiyo weka maji karibu, ikidondoka mwagia hapohapo. Maelekezo ya kwenye boksi yanasema anza na tairi la mbali na masta, kweli kwa gari nyingi, ila kuna ambazo breki zimegawanywa kwa mshazari (tairi la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande wa pili), mpangilio wake fuata kitabu cha gari. Na kama upepo umeingia kwenye ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge) hii pampu haitoshi, gari nyingi zinataka mashine ya kuamsha zile vavu.

Oili weka ile iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kopo. Mimi natumia DOT 4 (daraja la oili ya breki), ikiwa mpya inachemka kuanzia 230°C, ikishanywa unyevu kiwango kinashuka mpaka 155, ndo maana kila miaka 2 naitoa yote, na kwa kazi hiyo sijaona kitu kirahisi kama hii pampu, nusu saa tairi zote nne.

Nyota 4. Raundi za mwisho bado namwita mdogo wangu, ila simu naishika mimi.