Mashine ya barafu ya tani moja, Malindi: uzoefu wangu

Kampuni yenyewe siitaji. Iliasisiwa na wageni, huagiza mashine za viwandani kutoka China, na ghala lao liko Mombasa. Niliyonunua ni ya mabonge: makopo 40 ya kilo 25 hujazwa maji, yanazamishwa kwenye tangi la maji ya chumvi yaliyopozwa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa uimara wake sina neno. Neno langu ni kwenye ile "tani moja kwa siku".

Karatasi yao ya maelezo ya mashine imepiga hesabu kwa maji ya nyuzi 16. Maji ya tangi la juu ya paa hapa Malindi, kaskazi ikikaza, ni nyuzi 30. Kilo moja ya maji yaliyokwisha kufika sifuri huhitaji kutolewa joto la kilojuli 334 ili igande. Kuyashusha kutoka 16 ni 67 zaidi, kutoka 30 ni 126. Basi ni 401 kwa 460: tani yako imeshakuwa kilo 870, na joto la hewa linaloisumbua kondensa, ile sehemu ya kutolea joto nje, bado hujalihesabu. Wavuvi wanabeba kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, kwa hiyo hizo 130 zinazopungua ni samaki wa watu. Muuzaji jibu alilijua, ila hakulitoa mpaka alipoulizwa. Kwenye alama ninazowapa, nyota moja imeenda hapo.

Kibati cha mota kinasema volti 380. Ongeza asilimia 10 ambayo mota huvumilia upate 418, na stima yetu ya fezi tatu ni 415: uko ukingoni kabisa, na usiku matumizi yakishuka volti hupanda. Agiza mota ya 415 tangu mwanzo. Kifaa cha kulinda fezi walikileta bila kuombwa, heko kwao, maana fezi mbili zikibadilishana nafasi mota huzunguka kinyume, na kompresa (pampu ya gesi ya kupozea) ya aina isiyovumilia hilo, kama ya skrubu, haichukui muda kufa.

Kondensa ilikuja na mapezi ya alumini tupu. Kwa upepo wa bahari hayo hugeuka unga mweupe. Dai yaliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, kisha yaoshwe kwa maji matamu kila wiki.

Fundi wao alifundisha kuwasha na kuzima, chumvi hakuigusa, na hapo ndipo penye kazi. Kopo likitolewa huchovywa kwenye maji ya kawaida ili bonge liachie, halafu hurudi tangini likichuruzika. Kidogo kidogo chumvi inazimuliwa. Ikishuka, barafu huvaa mabomba ya kupozea ya tangini badala ya kujaa makopo, nawe utaona bonge gumu nje lakini ukilipasua moyo wake bado ni maji. Watu hudhani gesi imepungua, wanaita fundi wa friji bure. Nunua haidromita, kipima uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matupu: kikisoma 1.15, hiyo ni chumvi ya asilimia 20, inatosha. Kikishuka ongeza chumvi, lakini iyeyushe kwanza kwenye ndoo, usiimwage kavu ikalala chini.

Kontakta (swichi ya umeme ya mota) na gesi ya kupozea unapata Mombasa siku hiyo hiyo. Vali ya upanuzi, inayopima gesi inayoingia kwenye mabomba ya kupozea, na makopo ya saizi ile husubiri meli. Vali moja na makopo manne ya akiba yaandikwe kwenye proforma (ankara ya awali) ya kwanza, yaje na mashine kontena moja.