Chia kwenye tui la nazi: kifungua kinywa cha kubeba, bila mayai wala ngano

Ukisema unapunguza wanga asubuhi hapa Dar, kila mtu ana jibu moja: kula mayai. Ya kukaanga, ya kuchemsha, au yale ya barabarani yanayopasuliwa na kujazwa kachumbari na pilipili. Mimi mayai hayanikubali, nikiyala midomo inavimba. Sasa toa mayai, halafu toa chapati, maandazi, vitumbua, mihogo na viazi, uone unabaki na nini mezani zaidi ya chai ya rangi.

Nauza vitenge Kariakoo na ninaishi Kimara. Natoka nyumbani bado giza, na wateja wa jumla, hasa wa kutoka Zambia na Kongo, hufika mapema kuliko mtu unavyotarajia. Kwa hiyo chakula changu cha asubuhi kina masharti: kiwe kimeandaliwa jana, kisimwagike nikibanwa kwenye basi, kilike kwa mkono mmoja nimesimama, na kisiache mafuta vidoleni, kwa sababu kitenge chenye doa nimeshakinunua mwenyewe.

Kilichofaulu ni mbegu za chia zilizolowekwa kwenye tui la nazi, ndani ya kichupa cha jemu chenye mfuniko wa kuzungusha.

Tuanze na paketi yenyewe. Nyuma kwenye paketi nyingi utaona gramu 100 za chia zina wanga kama gramu 42, na hapo ndipo watu huirudisha rafuni. Soma mstari wa chini yake. Kati ya hizo 42, kama 34 ni nyuzinyuzi, ambazo tumbo haliwezi kuzimeng'enya zikawa sukari. Mimi natumia vijiko vitatu vya chakula kwa kikombe kimoja cha tui, yaani gramu 30 na kidogo, na wanga unaobaki kwenye hizo mbegu hauzidi gramu 3 hivi. Muhogo wa kuchemsha, gramu 100 tu, una kama 38. Juu ya hapo chia ina protini kama gramu 17 katika kila 100, na mafuta ya kutosha kukufikisha adhuhuri hujagusa sambusa ya jirani.

Za kupima kwa kilo ni nafuu kuliko za paketi, ila mwaga kidogo kwenye sahani nyeupe kabla hujalipa. Nyingine zina mchanga, na chia haioshwi. Ikigusa maji tu inaanza kunata. Angalia pia usije ukauziwa mbegu za faluda. Zile ni nyeusi tupu na zinavimba ndani ya dakika chache. Chia ina madoadoa ya kijivu, kahawia na meupe, na haina haraka.

Tui ndilo linaloamua kama utakula kwa raha au kwa kujilazimisha. Nimejaribu la boksi na la kopo, na sina ugomvi nayo kwa mtu asiye na muda, lakini nazi ya kukuna kwa mbuzi na kukamua jioni hiyohiyo ni chakula kingine kabisa. Usitumie tui la kwanza peke yake. Mafuta ya nazi huganda kwenye baridi, kwa hiyo ukiamka utakuta juu ya kichupa kuna gamba gumu la mafuta, na chini mbegu zimekauka. Mimi nachanganya sehemu moja ya tui la kwanza na mbili za tui la pili, nalipasha polepole huku nakoroga lisikatike, natia chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa. Kulipasha ni lazima kwa joto letu hili. Tui bichi huchacha upesi. Likipoa ndipo nazimimina mbegu, nakoroga, nasubiri kama dakika kumi, nakoroga tena. Huko kukoroga mara ya pili usikuruke. Usipokoroga utapata bonge chini na maji juu. Kisha friji mpaka alfajiri.

Naandaa vichupa vya siku mbili au tatu, sivuki hapo. Juu naweka karanga zilizokaangwa na kupondwa, siku nyingine kijiko cha pasheni. Sukari hapana, asali hapana. Kuna wanaouza chia tayari kwenye vikombe vya plastiki, na ni tamu kweli, ila ukiangalia juu kuna embe, asali na shayiri iliyokaangwa na sukari. Hapo wanga umerudi kupitia dirishani.

Muonekano wake, lazima niseme, si wa kuvutia. Mteja wangu mmoja wa Lubumbashi aliinamia kichupa akauliza, "Mama, unakula mayai ya chura?" Nikamjibu mayai ya aina yoyote siyagusi. Alionja, akaomba kijiko cha pili, halafu akaendelea kubishana bei kana kwamba hajala kwangu.

Vingine nilivyovipima, kwa haraka. Mtindi usio na sukari ni mzuri na una wanga mdogo, lakini chupa zake zinavuja, na ule wa vanila au stroberi ni sukari tupu, achana nao. Parachichi lina wanga kama gramu 8 au 9 katika 100, na nyingi ya hizo ni nyuzinyuzi. Libebe zima na kisu na ndimu, kwa sababu ukilikata nyumbani linafika jeusi. Karanga sawa. Korosho ninazipenda kuliko karanga, ila zina wanga karibu mara mbili yake, kwa hiyo kiganja kimoja tu. Dagaa wa kukaanga wanashibisha na hawana wanga wa kuhesabu, lakini jaribu kufungua kopo la dagaa kwenye basi la asubuhi uone utakavyotazamwa. Supu ya mbuzi kwenye chupa ya chai inazishinda zote kwa ladha, sibishi, ila mafuta yake na vitenge havikai chumba kimoja.

Tahadhari tatu. Usibugie chia kavu ukashushia maji. Zinavimba sana na zinaweza kukwama kooni. Na kama unatumia dawa za kushusha sukari, zungumza kwanza na daktari wako kabla ya kukata wanga ghafla, kwa sababu dozi yako ilipangwa kwa chakula ulichokuwa unakula. Wasiozoea nyuzinyuzi waanze na kijiko kimoja na maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi katikati ya mauzo.

Friji ni lazima pia. Kama kwenu umeme unakatika usiku kucha, loweka kwa maji ya kunywa badala ya tui, kisha mimina mtindi juu asubuhi. Ladha inapungua, ila hutapata kitu kilichochacha.

Naipa alama nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya kukuna nazi usiku nikiwa nimesimama dukani kutwa nzima. Kama soko la kwenu lina mashine ya kukuna nazi, irudishe.