TAHADHARI: Wanaouza "leseni ya Unicode" na dawa ya kurudisha herufi zilizogeuka ????

Kwenye magrupu ya wafanyabiashara wapo wanaojiita mafundi wa hifadhidata. Wanaahidi kuondoa herufi za ajabu kwenye programu ya duka, zahanati au SACCOS. Masharti yao: ununue "leseni ya Unicode", utume nusu ya hela kwanza, kisha uwafungulie kompyuta kwa mbali na kuwapa neno la siri la root, akaunti yenye mamlaka yote.

Usitume kitu. Hakuna leseni ya Unicode (utaratibu wa kompyuta wa kuandika herufi za lugha zote) ya kununua. Kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, utf8mb4 (njia ya kuandika herufi zote za Unicode kama baiti) imo ndani tangu toleo la 5.5.3, na fonti za Noto ni za bure. (Ile inayoitwa "utf8" tu, kwenye matoleo mengi, inaishia baiti tatu kwa herufi, ndiyo maana emoji, zenye baiti nne, zinagoma.)

Angalia ugonjwa wenyewe kabla ya kumwita mtu. Bidhaa imeandikwa "Dawa ya ng’ombe" kwa ritifaa iliyopinda, mara nyingi imenakiliwa kutoka Word. Ritifaa hiyo ni baiti tatu, E2 80 99. Programu ikizisoma kama Windows-1252 (njia ya zamani, baiti moja kwa kila herufi), kila baiti inakuwa herufi yake, unaona "ng’ombe". Endesha hii, HEX inaonyesha baiti zenyewe:

SELECT jina, HEX(jina) FROM bidhaa WHERE id = 57;

Ukikuta E28099 kwenye safu (kolamu) ya utf8mb4, data ni nzima, kosa liko kwenye muunganisho au programu. Fungua mipangilio ya ODBC, kiungo kati ya programu na hifadhidata: ODBC ya MySQL huja na draiva mbili, ANSI na Unicode, na ya ANSI ndiyo msumbufu wa kawaida. Ukikuta C3A2E282ACE284A2, data imesimbwa mara mbili (baiti zilizosomwa vibaya zimehifadhiwa upya kama herufi), inatibika. Ukikuta 3F mahali palipokuwa na herufi za Kiarabu, hiyo ni alama ya kuuliza yenyewe, herufi ya asili haipo tena. Anayekuahidi kuirudisha bila nakala ya zamani anakudanganya, awe na programu ya bei gani. Visanduku vitupu ni habari nyingine, mara nyingi fonti tu.

Ujanja wao mkubwa uko hapa. Hawagusi data, wanabadilisha muunganisho wa kompyuta moja kuwa latin1, jina la MySQL kwa Windows-1252. Maandishi yaliyosimbwa mara mbili yanaonekana safi palepale, unalipa, wanaondoka. Lakini rekodi za Kiarabu zilizohifadhiwa sawasawa sasa zinakuja kama ????, na karani akifungua fomu na kubofya Hifadhi, zile alama za kuuliza zinaandikwa juu ya jina halisi. Hapo uharibifu ni wa kudumu, na fundi hapatikani kwa simu.

Wengine wanaendesha ALTER TABLE ... CONVERT TO CHARACTER SET utf8mb4 kwenye safu ya latin1 iliyobeba baiti za UTF-8 (mfumo uleule wa utf8mb4). Amri hiyo haitibu. Ndiyo inayosimba mara ya pili.

Kama tatizo ni kusimbwa mara mbili, anza na nakala. Kwenye PowerShell ya Windows usitumie alama ya >, maana inageuza faili kuwa UTF-16 na haitapakika:

mysqldump -u root -p --default-character-set=utf8mb4 --result-file=duka.sql duka

Ipakie kwenye hifadhidata ya majaribio, kisha, mara moja tu:

UPDATE bidhaa SET jina = CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4) WHERE HEX(jina) LIKE '%C3A2E282ACE284A2%';

Usiiache WHERE. Bila hiyo, majina yaliyo mazima yenye ritifaa ileile yanaweza kugeuka NULL, yaani tupu. Na kama jina moja lina Kiarabu kizima pamoja na uchafu huo, litenge ulirekebishe kwa mkono.

Ukilazimika kumwita fundi, mpe nakala ya majaribio yenye majina ya kubuni, na akaunti ya kusoma tu. Taarifa za wateja zina sheria, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022.

Kama neno la siri umeshalitoa, libadilishe leo, ondoa programu ya kuingilia kwa mbali, kisha endesha SELECT user, host FROM mysql.user; Jina usilolijua, hasa lenye % (kompyuta yoyote) upande wa host, lifute kwa DROP USER, isipokuwa yanayoanza na "mysql.", hayo ni ya mfumo wenyewe.