Tikiti za farasi: ipi ununue Lubumbashi kwa mbio za leo, na ipi uiache

Mwenye 5,000 FC (franka za Kongo) mkononi na programu ya mbio za Ufaransa mbele yake anunue 2sur4 na Simple placé. Quinté+, tikiti ya farasi watano wa kwanza ambayo jina lake ndilo linalowavuta wengi, tunaiweka mwisho kabisa. Sababu ni hesabu, na hesabu hiyo haibadiliki uwe mtaa wa Kenya, Kamalondo au Katuba.

Kwanza ujue unanunua nini. Katika mfumo wa PMU (kamari ya farasi ya Ufaransa), ulioanza Ufaransa mwaka 1931, fedha za wachezaji wote wa aina moja ya tikiti huingia chungu kimoja. Makato hutolewa (huko Ufaransa, ukichanganya tikiti zote, ni kama robo), kisha kinachobaki hugawanywa kwa walioshinda. Unashindana na wachezaji wenzako, siyo na mwenye kibanda. Ndiyo maana farasi anayejulikana na kila mtu hulipa kidogo hata akishinda kwa mbali. Tena makato ya tikiti nyepesi kama Simple ni madogo kuliko ya zile nzito kama Quinté+. Muulize muuzaji kama chungu chake kimeunganishwa na cha Ufaransa au ni cha kwake peke yake: kama ni cha kwake, malipo utakayoyaona kwenye tovuti za Ufaransa hayatakuwa yako.

Tuchukue mbio za farasi 16 na tikiti ya msingi ya 1,000 FC, ili hesabu iwe nyepesi.

Nafasi ya kwanza tunaipa 2sur4. Unachagua farasi wawili, na wote wawili wamalize ndani ya wanne wa kwanza, kwa mpangilio wowote. Farasi 16 hutoa jozi 120, na jozi 6 kati ya hizo hushinda: moja kwa ishirini, hata ukichagua kwa kufumba macho. Couplé placé, inayodai wawili ndani ya watatu wa kwanza, ina jozi 3 tu za ushindi, yaani moja kwa arobaini. Uzuri wa 2sur4 ni kwamba inakusamehe usipomwona mshindi. Prix de l'Arc de Triomphe, mbio kubwa za uwanja wa Longchamp jijini Paris, ya 2021 ilikwenda kwa Torquator Tasso wa Ujerumani, farasi ambaye karibu kila mtu alimpuuza. Nyuma yake walifuatana Tarnawa, Hurricane Lane na Adayar, ambao wote walipendwa sana siku hiyo. Aliyewashika wawili kati ya hao watatu alikuwa na jozi ya ushindi bila hata kumfikiria Mjerumani.

Ya pili ni Simple placé: farasi mmoja, aingie ndani ya watatu wa kwanza wakiwa wanaokimbia ni 8 au zaidi. Wakiwa 4 hadi 7, nafasi zinazolipwa ni mbili tu, na hapa wengi huumia: farasi wao anamaliza wa tatu, wanakwenda kudai makuta, kumbe mbio zilikuwa na farasi 7. Hesabu farasi kabla ya kulipa, na uangalie tena kama kuna waliojitoa asubuhi. Placé ya kipenzi cha watu haifai kununuliwa, maana inarudisha dau na vijisenti. Inunue kwa farasi wa nne, wa tano au wa sita kwa kupendwa, ambaye programu inakupa sababu ya kumwamini.

Simple gagnant (farasi mmoja, lazima awe wa kwanza) tunaipendekeza pale tu unapokuwa na sababu mbili zinazojitegemea za kumtaka farasi mmoja. Trio (watatu wa kwanza, mpangilio wowote) ina makundi 560. Tiercé, iliyobuniwa na André Carrus mwaka 1954, inaangalia farasi watatu haohao lakini hulipa zaidi mpangilio ukiwa sahihi, na mipangilio ni 3,360. Ukizipenda, cheza kwa farasi wa msingi, yaani mmoja unayemweka katika kila kundi. Farasi sita wote kwa wote katika Trio ni makundi 20, yaani 20,000 FC. Mmoja wa msingi pamoja na wenzake watano ni makundi 10, nusu ya bei. Hasara yake iko wazi: wa msingi akianguka, tikiti yote imekufa.

Na Quinté+, ya tangu 1989? Makundi 4,368, mipangilio 524,160. Mchezaji anayechukua farasi 8 "ili asikose" ananunua makundi 56, yaani 56,000 FC, na bado amewaacha nje farasi 8 ambao mmoja tu akiingia ndani ya watano anaharibu kila kitu isipokuwa malipo madogo ya Bonus. Ukiitaka lazima, uliza kama kibanda kinauza Flexi, inayokuruhusu kulipa sehemu ya bei na kupokea sehemu ileile ya ushindi.

Ile 5,000 FC, basi: farasi mmoja wa msingi katika 2sur4 pamoja na wengine watatu (3,000 FC), na 2,000 FC Simple placé kwa huyohuyo wa msingi au kwa farasi wa mbio nyingine ulizozisoma vizuri zaidi.

Kumpata huyo wa msingi ndiyo kazi yenyewe. Mbio zinatajwa kwa mkutano na namba: R1C4 ni mkutano wa kwanza, mbio za nne. Anza na muziki wa farasi, ule mstari wa herufi na tarakimu. Chukua mfano huu: 1a 2a Da 4a (24) 0a 3a. Unasomwa kutoka kushoto, na matokeo mapya ndiyo ya kwanza. Yaliyo baada ya (24) ni ya mwaka 2024. Herufi "a" ni troti (mwendo wa kasi bila kwenda shoti) ya kuvuta kigari, "m" ni troti ya kupandwa, "p" ni mbio za shoti zisizo na vizuizi, "h" na "s" ni za kuruka vizuizi. Sifuri ni kumaliza nyuma sana. Lakini D siyo sifuri, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapomtupa farasi mzuri: D katika troti maana yake aliacha mwendo wa troti akashika shoti, akaondolewa. Huenda wakati huo alikuwa anaongoza. D moja kati ya matokeo mazuri isikutishe. D tatu katika mbio tano ni tabia.

Majira ya baridi ya huko, mbio nyingi kubwa ni za troti pale Vincennes, uwanja wa Paris, kwenye njia ya majivu meusi yenye mteremko na mlima. Angalia namna ya kuanza. Wakianza nyuma ya gari la kuanzishia mbio, namba 1 hadi 9 husimama mstari wa mbele na zinazobaki mstari wa pili. Kwa mita 2,100 muda wa kujirekebisha ni mfupi, na namba 12 au 14 hulazimika kuzunguka nje au kusubiri upenyo ambao huenda usipatikane. Namba 3 hadi 6 ndizo tunazozipenda. Katika mita 2,700 tatizo huwa jingine: farasi aliyechuma fedha nyingi huweza kurudishwa mita 25 nyuma ya wenzake. Mtafute yule ambaye mapato yake yako chini kidogo tu ya kikomo: ana uwezo wa wale wa nyuma lakini anaanza nao wa mbele.

Halafu viatu. D4 ni farasi aliyevuliwa viatu vya chuma miguu yote minne, DA ya mbele, DP ya nyuma. Bila chuma miguu ni myepesi na kasi huongezeka, ila kwato huchakaa, kwa hiyo mfunzi hafanyi hivyo kila wiki. Farasi aliyekimbia mara mbili na viatu akamaliza katikati, na leo ni D4 tena chini ya dereva wa daraja la juu, amekuja kutafuta fedha. Huyo ndiye wa kuandikia placé. Jambo jingine linalosaidia kujua umri haraka: majina ya farasi wa troti wa Ufaransa huanza na herufi iliyowekewa mwaka wa kuzaliwa. Face Time Bourbon, mshindi wa Prix d'Amérique (mbio kubwa za troti) 2020 na 2021, ni wa 2015. Idao de Tillard, aliyeshinda 2024 na 2025, ni wa 2018.

Mbio za shoti zina maswali mengine. Quinté+ ya shoti mara nyingi ni handikapu: mwenye uwezo hubebeshwa kilo nyingi ili wote wafike karibu pamoja. Katika mbio za namna hiyo gagnant ni kamari tupu, na 2sur4 ndiyo inafaa. Linganisha kilo za leo na za siku aliyofanya vizuri. Aliyeshinda juzi hupandishiwa mzigo. Tazama namba ya kizimba cha kuanzia, kwa sababu kizimba cha nje kabisa kwenye mbio fupi zenye kona humfanya farasi akimbie njia ndefu zaidi. Na usinunue chochote kabla ya kujua hali ya ardhi. Torquator Tasso yule alishinda kwenye ardhi nzito iliyolowa mvua, hali iliyomfaa. Farasi mwenye matokeo mazuri kwenye ardhi ngumu tu, mvua ikinyesha Longchamp, mpunguzie imani.

Mbio za kuruka za Auteuil tunashauri uzipitie bila kununua tikiti ya farasi wengi. Wengine huanguka, na muziki wao una T nyingi. Wengine husimamishwa njiani, nayo ni A.

Karatasi za utabiri zinazouzwa kwenye simu, zile za "msingi wa uhakika", hazistahili hata franka moja. Utabiri wa magazeti ya Ufaransa unapatikana bure, na farasi anayetajwa na wote tayari amepoteza malipo yake.

Kuhusu saa: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, saa za Lubumbashi na Paris ni sawa. Baada ya hapo sisi tuko saa moja mbele, kwa hiyo mbio za 15:15 za Vincennes mwezi wa Januari ni 16:15 kwetu. Nunua angalau nusu saa kabla. Umeme ukikatika au mtandao ukilala dakika tano za mwisho, tikiti haitoki.

Ukiipokea, usiondoke dirishani kabla ya kusoma tarehe, R na C, aina ya tikiti, na kila namba. Kosa la kubonyeza 2sur4 badala ya Couplé hurekebishwa mbio hazijaanza tu. Uliza pia farasi wako akijitoa inakuwaje: Simple hurudishiwa dau, lakini tikiti za farasi wengi zina kanuni zake. Ipige picha, uihifadhi mbali na jua na jasho, kwani karatasi ile hufifia kwa joto, na uulize siku ya mwisho ya kudai malipo.